Walezi Ndani ya Mfupa

Jumatatu, 3 Machi

Radhi kwa daftari hili. Miezi minne sijaandika hata mstari mmoja. Mkono haukuwa na ugonjwa. Nyonga ndiyo mbovu. Nilikuwa mvivu, na uvivu huo nikauita maumivu. Leo naanza upya.

Asubuhi kama kawaida. Kuamka saa kumi na mbili. Baridi. Chai. Mizunguko minne ya ua kwa mkongojo. Jana ilikuwa mitano. Wakimbiaji walipita nje ya lango wakipiga gumzo huku wanakimbia, kana kwamba wameketi kwenye viti. Niliwaonea wivu. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi nitapasuliwa. Watakata kichwa cha mfupa wa paja na kuweka cha chuma. Kile cha zamani kwa kawaida huchomwa motoni. Changu kimeombwa. Wanaokiomba ni watu wa maabara anakofanyia kazi binti yangu, Kemei.

Jana wakati wa chakula nilimtaka anieleze utafiti wake tangu mwanzo, bila maneno ya Kiingereza. Alijitahidi. Damu hutengenezwa ndani ya uboho. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba seli shina, zile zinazozaa damu yote, hazijiamulii mambo. Zimezungukwa na seli nyingine zilizoshika ukuta wa mfupa kwa ndani. Hizo ndizo huziambia: lala, amka, gawanyika, ngoja. Huziambia kwa kuzigusa, na kwa vitu zinavyovitoa ndani ya majimaji yanayozizunguka. Seli shina ikitengwa na majirani hao hupoteza mwelekeo, kisha hufa.

Niliwapa majirani hao jina: walezi. Kemei alisema wataalamu wana jina refu zaidi. Nilimwambia hili linatosha.

Swali lake ni hili. Je, walezi waliotoka katika mfupa wa mzee huziharibu seli changa tabia? Huchukua mifupa ya nyonga ya wazee, na ya vijana walioumia barabarani. Huotesha walezi katika visahani. Juu yao huweka seli shina kutoka damu ya vitovu vya watoto wachanga. Kisha husubiri wiki tano.

Hajawahi kufika wiki ya tano. Kundi la kwanza lilikufa wiki ya pili. Kundi la pili vilevile. Kamati ya utafiti imempa nafasi moja tu iliyobaki. Kundi la tatu likifa, chumba atapewa mwingine, na kazi ya miaka mitatu itafungwa makashani.

Hakulia alipokuwa akisema hayo. Simpendi mtu wa kulialia. Lakini ningependelea alie.


Jumatano, 5 Machi

Nimetia sahihi. Fomu aliileta muuguzi, si Kemei. Kanuni haziruhusu mtoto kumwomba baba yake mfupa. Chupa ya mfupa itapewa namba. Kemei hatajua ni ipi yangu, wala mimi sitaambiwa. Kanuni nzuri. Haikunifurahisha.

Ndugu yangu Kibet alikuja kutoka Moiben kunizuia. Aliacha watu wake wakilima shamba, akaja na buti zenye matope hadi sebuleni.

“Sasa Mwalimu, hiyo mfupa yako wanataka kuweka kwa chupa? Na siku tutakuzika tutaambia watu nini? Ati huyu mzee amekuja kama amepungua?”

Mama Kemei alimjibu kutoka jikoni kabla sijafungua kinywa. “Meno yake manne yalibaki kwa daktari, Kibet, na sijakuona ukienda kuyadai.”

Kibet alicheka hadi akakohoa. Akanywa chai vikombe vitatu. Alipoondoka hakuwa amekubali, lakini alikuwa ameshindwa. Inatosha.


Jumapili, 9 Machi

Nimetoka salama. Sindano ya ganzi mgongoni. Nilisikia nyundo na msumeno, sikusikia maumivu. Ajabu.

Ijumaa walinisimamisha. Niliogopa. Nilisimama.

Kuandika bado kunachosha. Basi.


Jumatano, 19 Machi

Nyumbani. Leo nimefika langoni kwa magongo mawili na kurudi bila kupumzika. Mtaalamu wa viungo ni msichana mdogo mwenye sauti ya sajenti. Namheshimu.

Kemei alipita jioni. Walezi wa kundi la tatu wameota vizuri na kufunika visahani. Alhamisi ya wiki ijayo atawawekea seli shina. Nilidhani angekuwa na furaha. Alikaa akiitazama sahani ya ugali.

“Labda mifupa ya wazee imechoka tu, Baba,” alisema. “Nafikiria kuiacha, nibaki na ya vijana.”

Nilimuuliza kama visahani vya mifupa ya vijana havikufa navyo.

“Vilikufa.”

“Basi uzee umeingiaje?”

Aliisukuma sahani kando. Nilikasirika. Nilikasirika kama mwalimu anayesomewa jibu lisilotokana na hesabu, na nilikasirika pia kama mzee. Hasira ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.


Jumapili, 23 Machi

Siku nzito. Niiandike kwa utaratibu.

Baada ya ibada alikuja Jerotich. Ndiye fundi wa maabara wa Kemei. Mikono yake ndiyo inayovilisha visahani. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu katika shule ya msingi, nilipokuwa mwalimu mkuu. Sasa ni mama wa watoto wawili, anaishi Munyaka. Alileta ndizi na lita mbili za maziwa. Mama Kemei alikuwa bado kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Tulikuwa wawili tu.

Aliketi ukingoni mwa kiti. Aliniuliza hali mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia aseme lililomleta.

Alisema hivi. Kila Alhamisi visahani hubadilishiwa maji ya lishe. Maji hayo huwekwa yakiwa mekundu. Yakikaa wiki nzima hugeuka manjano. Mwongozo wa Kemei unaagiza nusu itolewe na nusu ibaki. Katika daftari la maabara Jerotich aliandika “nusu” kila wiki. Lakini hakuacha nusu. Alikuwa akimwaga yote na kuweka mapya.

“Nilikuwa naona ni machafu, Mwalimu. Yamelala wiki mzima. Mkono yangu inakataa kuyaacha.”

Kisha akaniambia kilichomfanya ashtuke. Katika kundi la pili, kisahani kimoja kilisahaulika nyuma ya kabati la joto. Hakikuguswa wiki hiyo. Vingine vyote vilipokufa, hicho kilikuwa bado hai siku kadhaa. Alikiona. Akakitupa pamoja na vingine. Akanyamaza. Tangu hapo halali vizuri.

Nilijua jibu kabla hajamaliza, kwa sababu Kemei alikwisha kunieleza kwamba walezi huzungumza na seli shina kwa vitu wanavyovitoa majini. Yale maji ya manjano hayakuwa uchafu. Yalikuwa maneno ya wiki nzima. Jerotich aliyafuta yote kila Alhamisi, kwa uaminifu, akidhani anafua.

Nilitaka kumkaripia. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Ndipo aliposema:

“Mwalimu, unakumbuka ndoo?”

Nilikumbuka.

Shuleni kila darasa lilikuwa na ndoo ya maji ya kunywa yenye kifuniko. Mwaka mmoja watoto waliugua matumbo. Nikaweka kanuni: asubuhi, maji yote yaliyolala yamwagwe, hata kama ni safi, ndoo ikaushwe, yatiwe mengine. Jerotich alikuwa kiranja wa darasa la tano. Mto ulikuwa mbali, na asubuhi moja aliacha nusu. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima na kumwamuru aimwage ile nusu miguuni pake. Viatu vyake vililowa. Watoto walicheka. Sikuwakataza.

Nilikuwa nimesahau viatu. Yeye hajasahau.

Nimeona aibu leo. Kanuni ilikuwa sahihi. Adhabu haikuwa sahihi. Nayatenganisha mambo hayo mawili kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo sikumwachilia. Nilimwambia kwamba kumwaga maji ni kosa lenye chanzo, lakini kuandika “nusu” katika daftari ni uongo, na uongo huo ni wake mwenyewe. Nilimwambia amwambie Kemei kabla ya Alhamisi. Aliuliza kama ningeweza kumwambia mimi, kwa vile mimi ni baba yake. Nilikataa.

“Atanifukuza, Mwalimu.”

“Huenda.”

“Na wewe unasema tu huenda?”

“Nitasema na la pili. Ukifukuzwa, nitakuja kusimama mbele yake kueleza habari za ndoo, kwa magongo yangu haya.”

Alicheka huku akilia. Mimi sikucheka.

Nimechoka. Nyonga inauma upande usiopasuliwa.


Jumatatu, 24 Machi

Simu ya Kemei saa tisa. Jerotich amemwambia yote asubuhi, akiwa amesimama.

Kemei anasema alitoka nje, akazunguka jengo mara mbili. Akarudi. Akamwambia Jerotich alete daftari. Walikaa pamoja hadi saa saba wakipitia kila Alhamisi ya makundi yote mawili, na Jerotich akaandika ukweli kando ya kila mstari na kutia sahihi. Hajafukuzwa.

“Nina hasira naye, Baba,” alisema, “na nina furaha. Sijui nianzie wapi.”

Nilimwambia aanze na kazi.

Kisha nikamweleza habari za ndoo. “Ile ndoo?” akasema. “Baba, hata mimi hadi leo humwaga maji yaliyolala.”


Alhamisi, 27 Machi

Seli shina zimewekwa leo. Kila damu ya kitovu imegawanywa mara mbili: nusu juu ya walezi wa mfupa wa mzee, nusu juu ya walezi wa mfupa wa kijana. Amerudi kwenye swali lake. Hakuiacha mifupa ya wazee. Niliongeza sukari kwenye chai.


Alhamisi, 3 Aprili

Ulishaji wa kwanza. Jerotich alivuta nusu, akaacha nusu. Kemei anasema jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia la mahindi. Alipofunga kabati alikaa juu ya mikono yake.

Mvua imeanza. Kibet anapanda. Mimi natumia gongo moja.


Alhamisi, 10 Aprili

Wiki ya pili.

Tangu asubuhi sikusoma gazeti. Mama Kemei alinikuta nimeshika kalamu bila karatasi. Saa kumi simu ikalia.

Hai. Zote. Visahani vyote.

Nilisimama bila gongo ili niende kumwambia Mama Kemei. Nilifika jikoni ndipo tukagundua wote wawili kwamba gongo limebaki sebuleni. Alinigombeza kwanza. Kisha alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ua.


Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kibet na familia yake walikuja. Kuku wawili, wali, maziwa ya mtindi kutoka kibuyu cha mke wake.

Kibet anataka kujua mfupa unaendeleaje. Ndivyo alivyouliza, kama anayeuliza habari za mtoto aliye bwenini. Kemei alimwambia hajui ni upi. Kibet hakuridhika. “Lakini ile inafanya vizuri zaidi, hiyo ndiyo yetu,” alisema. Sasa ni yetu.

Kemei aliwaeleza walezi ni nini. Mke wa Kibet alisikiliza akiwa na kibuyu mapajani. Alisema hakuna jipya katika hilo. Maziwa ya ng’ombe mmoja, ukiyatia katika vibuyu viwili, kimoja kilichotiwa mkaa wa mti mzuri na kingine kilichotunzwa vibaya, hupati maziwa ya aina moja. Anayejua maziwa haulizi ng’ombe pekee; huuliza kibuyu.

Kemei aliomba ruhusa ya kuyatumia maneno hayo kazini. Mama huyo akauliza kama kuna malipo. Tulicheka sana.

Nilikula kupita kiasi. Wiki ya tano inaanza Alhamisi.


Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Seli hazina sikukuu. Wiki tano zimetimia leo.

Nilikwenda mwenyewe. Ngazi kumi na nane hadi maabara. Nilizipanda kwa kushika ukuta, bila gongo. Mlinzi wa mlangoni alitaka kunisaidia, nilimwonyesha kiganja.

Sikuingia chumba cha visahani. Kemei alinionyesha picha ya hadubini kwenye skrini, kutoka kwenye korido. Sikutegemea uzuri. Walezi wamejitandaza kama shuka iliyonyooshwa. Chini yao, zikiwa zimejibanza, kuna seli za duara zilizopangana kama mawe ya sakafu. Hizo ndizo seli shina, na zile zinazozaliwa nazo. Zimetulia. Hakuna aliyezilazimisha kutulia. Zilijiendea chini ya walezi zenyewe, kama watoto wanavyojua nyumba wasikofukuzwa.

Mahali pasipokuwa na walezi kisahani kilikuwa kitupu.

Jerotich alikuwa kando, ameshika daftari kifuani. Nilimpa mkono. Nilimwambia, mbele ya Kemei na mbele ya mlinzi, kwamba siku ile ya ndoo nilimkosea. Nilitaka kuwepo na watu, kwa sababu siku ile watu walikuwepo.

“Aki Mwalimu, si ungesema tu kwa simu, ingetosha?” Uso wake ulikuwa umelowa.

“Haingetosha.”

Nimeshuka ngazi zote kumi na nane. Ninaandika nikiwa nimekaa wima. Leo ni siku kubwa.


Alhamisi, 15 Mei

Majibu.

Baada ya wiki tano seli zilihamishwa kwenye ute mzito ili kila iliyo na uwezo izae kundi lake la damu, na makundi hayo yatambuliwe. Kazi ya wiki mbili. Wamemaliza leo. Kemei alikuja moja kwa moja, hakuvua hata koti.

Damu moja. Kitovu kimoja. Vitanda viwili, tabia mbili. Juu ya walezi wa vijana seli zilingoja kwa utulivu na kuzaa damu za aina zote. Juu ya walezi wa wazee wengi ziliharakisha, zikaelemea upande mmoja, zikaanza kuishiwa. Seli zenyewe hazikuwa na kosa. Zilifanya walichoziambia walezi wao.

Swali lake limepata jibu, na jibu ni ndiyo. Miaka mitatu! Makasha yabaki matupu. Alisimama katikati ya sebule akatupa mikono juu kama mkimbiaji aliyekata utepe, na mama yake akamshika kiuno, wakazunguka. Mimi nilipiga makofi. Nilipiga hadi viganja vikauma.

Kisha akasema jambo alilolihifadhi mwisho. Si walezi wote wa wazee. Mifupa mitatu ya wazee ilizilea seli kwa utulivu uleule wa vijana. Hajui kwa nini. Ndicho anachotaka kukitafuta sasa: mfupa huzeekaje bila kuwa mlezi mbaya. Akikijua hicho, huenda siku moja wagonjwa ambao uboho wao umegoma wataweza kutengenezewa kitanda kwanza, kabla ya kupewa seli mpya. Alisema huenda. Nilifurahi kwamba alisema huenda.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaweza kukisia mitatu hiyo ni ya akina nani.

“Baba. Chupa hazina majina.”

Najua. Niliuliza tu.

Nitakiri hapa, mahali ambapo hakuna anayesoma. Nataka mmoja wa mitatu hiyo uwe wangu. Nataka sana. Na nikiikumbuka ile asubuhi ya ndoo sina hakika ninastahili.


Jumapili, 18 Mei

Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda ibada ya kwanza.

Kemei aliniachia ripoti atakayoipeleka kwa kamati, niisome. Anaomba aendelee na chumba, apate miaka miwili mingine na mifupa ya wazee zaidi. Ukurasa wa kwanza unaeleza kosa la makundi mawili ya mwanzo: maji yote yalimwagwa, kumbukumbu iliandikwa isivyo, kasoro ilitajwa na aliyeitenda, kisha ikarekebishwa. Jina la Jerotich halipo. Wajibu ameubeba Kemei mwenyewe kama msimamizi. Angeweza kuanza na kundi la tatu na kuyaacha yale mawili yajifie. Wenzake wawili walimshauri hivyo. Kuna wajumbe ambao ukurasa huo utawapa sababu ya kumnyima.

Nilikuwa na kalamu nyekundu. Katika kurasa zilizofuata nimeweka alama nyingi. Ukurasa wa kwanza niliusoma mara mbili, nikaufunua bila kuutia alama.

Mama Kemei amelala kwenye kochi, miguu chini ya blanketi. Chai imepoa. Nje maji yanatiririka toka paani, na leo sina haja ya kwenda popote.

Kamati itakaa Jumatano. Watakapoamua nitaandika jioni ileile, liwe la kukubali au la kukataa, kwa wino uleule.